Abiria Hakuwepo Kikaoni

Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulitoka Nemba kwenda ziwani Chato, kuipandisha boti yetu ya mashine nchi kavu kwa matengenezo ya kila mwaka. Fundi aligonga mbao moja moja, akabadilisha plagi na oili, kisha akatuonyesha nyufa mbili za kuzibwa upya kwa pamba. Tukakaa kivulini kuhesabu gharama.

Mwenzetu mmoja akasema, "Mbona haivuji? Tungoje ivuje." Nami, nikikumbuka ada ya shule ya wanangu, nilimwunga mkono kimoyomoyo.

Ndugu msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inamfaa mwenye nyumba: mzembe hulipa mwenyewe, tena hupata nafasi ya kujenga upya. Ziwani hakuna ukuta wa kujenga. Watu wa Kagera tunalijua hilo tangu tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, tukazika mamia ya ndugu zetu.

Pale kivulini sisi wanne tulitaka kuokoa fedha zetu kwa hatari ya mwingine. Mama atakayepanda na mtoto mgongoni hakuwepo kusema neno. Yeye huona rangi ya boti; ufa hauoni. Kwa kupanda tu, ameshatuamini. Basi uaminifu ni kumtetea asiyekuwepo kikaoni.

Tuliziba nyufa zote mbili. Ada ya shule ilichelewa, na wanangu walinuna.