Mwenye Mji

Kila tarehe 27 Februari, eneo la Mahenge mjini Songea hujaa watu. Ngoma ya lizombe huchezwa, vumbi likatimka, kisha watu hunyamaza mbele ya kaburi la pamoja la mashujaa wa vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Pembeni, peke yake, amelazwa nduna Songea Mbano.

Boma la mji huu lilijengwa na Wajerumani mwaka 1897. Kwa hesabu ya makaratasi, basi, mji ni wao: walipima, wakajenga, wakaweka askari. Wakauita Songea, kwa jina la nduna waliyemkuta hapo. Miaka tisa baadaye walimnyonga mwenye jina.

Je, mwenye mji ni nani: aliyeujenga, au waliomo?

Warumi wangejibu haraka: aliyeujenga. Miji yao mingi ilianza kama boma la Songea. Timgad, katika Algeria ya leo, ulianzishwa na Kaizari Trajan mwaka 100 BK kwa ajili ya askari wastaafu: barabara mbili kuu, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, uwanja wa mikutano katikati. Mgeni aliyejua mji mmoja wa namna hiyo hakupotea katika mwingine. (Tusiwaonee Wagiriki, mitaa iliyonyooka nao waliijua, hata kabla ya Trajan kuzaliwa.) Tofauti iko kwingine: mji wa Kirumi ulikuwa mkono wa dola, na mkono huo ulianzia Roma.

Kwa Mgiriki mji ulikuwa watu. Mwaka 480 KK Waajemi walipokaribia, Waathene walipanda merikebu, mji wao ukachomwa moto. Mkorintho mmoja akamkejeli Themistocles, kiongozi wao, kwamba hana mji. Akajibiwa kwamba mji upo: merikebu 200 zilizojaa watu. Wangoni, watu wa nduna Songea, wangemwelewa Themistocles bila mkalimani. Walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na kwa miaka mingi ufalme wao ulitembea kwa miguu, na ng'ombe, na watoto mgongoni, mpaka Ruvuma.

Lakini mji ukiwa ni watu, swali linalofuata ni chungu: watu gani? Athene ilibana mlango. Kwa sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK, raia alikuwa yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathene. Roma iliupanua: mtumwa aliyeachwa huru kwa utaratibu wa sheria aliweza kuwa raia, na mwaka 212 BK Kaizari Caracalla akawapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Hapo Wangoni wanahama upande, wanakaa na Roma. Mateka waliingizwa katika vikosi vyao, wakaoa, wakawa Wangoni, hata lugha ya washindi ikamezwa: Kingoni cha Songea leo kina mengi zaidi ya wenyeji waliotekwa kuliko ya lugha waliyotoka nayo kusini.

Kwa hiyo Songea si Athene wala si Roma. Unaofanana nao zaidi ni mji wa Kigiriki, Amphipolis, uliojengwa na Mwathene aitwaye Hagnon. Mwaka 422 KK jemadari wa Sparta, Brasidas, alikufa akiupigania dhidi ya Waathene haohao. Wenyeji wakamzika ndani ya mji, mbele ya soko, wakazungushia kaburi lake ua, wakamwekea michezo na kafara za kila mwaka. Majengo ya Hagnon wakayabomoa. Tangu siku hiyo mwasisi wa mji akawa Brasidas, ingawa hakuuanzisha yeye.

Watu wa Songea hawakuhitaji kubomoa kitu. Uwanja wa mpira ni Majimaji, timu ni Majimaji, makumbusho ni ya Majimaji. Ofisa aliyelisimamisha boma, ni wangapi mjini wanaolijua jina lake? Wapiga debe wa stendi ya Dar es Salaam, wakiita abiria alfajiri, wanaliita jina la mtu aliyenyongwa.