Mguu Uliopasuliwa ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mtu amepasuliwa mguu, akashonwa kano, ule mshipa mgumu wa kisigino. Akijikaza kusimama katika sala, akarudi shamba kabla ya ruhusa ya mganga, je, huo ni uimara wa imani?

Mtume (s.a.w.) alianguka toka juu ya farasi huko Madina, mguu wake ukateguka, akasali ameketi. Nani amemshinda imani? Basi ruhusa ya Mwenyezi Mungu si aibu. Kano huunga polepole, majuma na miezi. Ikivutwa mapema yaweza kukatika tena. Lakini kulala tu nako hudhoofisha mguu: mganga akisema kanyaga, kanyaga kidogo kidogo. Amana haiharibiwi, wala haifichwi.

Wako wanaorudi mapema kusukuma kinga ya mizigo si kwa kiburi, ila watoto wana njaa. Hao tusiwalaumu, tujilaumu sisi majirani. Kumlimia mgonjwa shamba lake ni sehemu ya dawa yake. Leo, kabla ya kutawanyika, tuulizane: nani hayupo katika safu?

Wabillahi tawfiq.