Nguvu ni Amana



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Nakuusieni na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Ama baad.

Leo tuzungumze juu ya nguvu, na tuitazame katika maisha ya Muislamu mwenzetu, Naim Süleymanoğlu, mnyanyua vyuma wa Uturuki.

Alizaliwa Januari 1967 katika kijiji cha Ptichar nchini Bulgaria, miongoni mwa Waturuki waliobaki huko tangu enzi za dola ya Uthmaniya. Kimo chake cha utu uzima kilikuwa sentimita 147. Lakini Mola humpa amtakaye: kabla hajatimiza miaka 17 alikuwa ameshaweka rekodi ya dunia.

Kisha likaja balaa. Kuanzia Desemba 1984, serikali ya Bulgaria chini ya Todor Zhivkov ilipeleka askari na polisi wakavizingira vijiji vya Waturuki, watu wakalazimishwa kuchukua majina ya Kibulgaria. Kuzungumza Kituruki hadharani kulipigwa marufuku. Kumtahiri mtoto kukawa kosa. Hata maiti hawakuachwa, majina yao yakafutwa makaburini. Naim naye akaandikiwa jina jipya, Naum Shalamanov, na kwa jina hilo akapelekwa mashindanoni kuwatukuza wale wale waliomdhulumu.

Tuzingatie hapa. Kijana huyu alikuwa kipenzi cha serikali. Angenyamaza, angeishi kwa raha huku jamaa zake wakionewa. Desemba 1986, baada ya mashindano ya Kombe la Dunia mjini Melbourne, Australia, aliwatoroka walinzi wake akakimbilia hifadhi ya Uturuki. Alikuwa na miaka 19, na nyuma yake aliwaacha wazazi mikononi mwa dola ile ile. Tangu siku hiyo akawa anaueleza ulimwengu yanayowasibu ndugu zake.

Ili aruhusiwe kushindana katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Uturuki ililazimika kuilipa Bulgaria fedha nyingi. Akapanda jukwaani akiwa na uzito wa chini ya kilo 60, akanyanyua kilo 190 juu ya kichwa chake, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Jumla ya minyanyuo yake miwili, wa kunyakua na huo wa kilo 190, ilifika kilo 342.5. Mshindi wa daraja lililo juu yake alipata 340. Ulimwengu ulipouliza kijana huyu ametoka wapi, jibu lilikuwa habari ya dhuluma iliyokuwa ikifichwa. Mwaka uliofuata zaidi ya Waturuki 300,000 walivuka mpaka kuikimbia Bulgaria. Novemba 1989 Zhivkov akaondoka madarakani, na baadaye watu wakarudishiwa haki ya majina yao.

Ndugu zangu, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa hodari wa kweli si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni yule aizuiaye nafsi yake wakati wa hasira. Naim alikuwa na mpinzani mkubwa, Valerios Leonidis wa Ugiriki, na sote tunajua uhasama wa muda mrefu baina ya mataifa yao mawili. Huko Atlanta mwaka 1996 walipokezana rekodi za dunia mpaka mwisho, Naim akashinda kwa tofauti ya kilo 2.5, ikawa dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki. Lakini Naim alipofariki, Leonidis alifunga safari hadi Istanbul akalibusu jeneza lake. Je, sisi tuliogombana kwa kiwanja, kwa mirathi, kwa siasa za msikiti, nani atakuja kutuzika kwa mapenzi?

Na nguvu ina ukomo. Mwaka 2000 mjini Sydney, Naim alijaribu kunyakua kilo 145 mara tatu, na mara zote tatu zikamshinda, ilhali Seoul alikuwa amenyakua 152.5. Novemba 18, 2017, ini lake liliposhindwa kufanya kazi, alirejea kwa Mola wake akiwa na miaka 50. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe. Mtume (s.a.w.) alikwisha kutuonya tuitumie afya kabla ya maradhi na ujana kabla ya uzee.

Sasa tujihesabu. Wewe kijana unayejenga mwili jimu, mwili huo umemsaidia nani? Wewe mwenye cheo, kalamu yako imemtetea nani asiye na mtetezi? Wewe mama na baba wa nyumba, binti anayekufulia na kukupikia unamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, au umembandika jina la kabila lake? Qur'ani imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli.

Na tuwe waadilifu hapa. Iwapo tunaumia kusikia Muislamu wa Bulgaria alilazimishwa kuficha dini yake, basi jirani yetu asiye Muislamu naye asiogope kuonekana akienda ibadani kwake. Dini yetu haina kulazimishana. Dhuluma haiwi halali kwa sababu aliyeifanya ni wetu.

Basi kila mmoja atoke msikitini leo akiwa amemkusudia mtu mmoja anayeonewa, ampe sauti, ushahidi au mkono wake, kabla amana hii ya nguvu haijarudi kwa mwenyewe. Tutaulizwa juu yake.

Ewe Mola, tujaalie nguvu zetu ziwe katika haki, uwanusuru wanaodhulumiwa popote walipo, na utusamehe sisi na wazazi wetu. Amin.