*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Jabali la Mbali*



Leo tuanze na picha.

Mpwa wangu anajifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Juzi baada ya tarawehe nilimkuta anachora majabali ya Étretat, kaskazini mwa Ufaransa: kuta ndefu za chokaa nyeupe zilizosimama juu ya bahari. Jabali la mbele alilitia nguvu, nyufa kali na vivuli vizito. La pili akalififisha kwa buluu na nyeupe. La tatu, kule mwisho, akalipaka rangi inayokaribia ya mbingu, kisha akapitisha brashi kavu ukingoni kabla rangi haijakauka, hadi ukingo wenyewe ukawa kama moshi. Bahari vilevile: mbele mawimbi ya kijani yenye povu, mbali ukanda wa kijivu, shwari kabisa.

Nikamwambia, "Hilo la nyuma umelionea." Akacheka. "Mjomba, jiwe ni lilelile. Kilichoongezeka ni hewa hapo katikati."

Na kweli. Hewa ina mvuke na vumbi. Kadiri inavyozidi kati yako na kitu, ndivyo weusi wake unavyopauka. Mchoraji hakudanganyi, anakuonyesha jinsi kitu *kinavyoonekana*. Tunajidanganya wenyewe tukidhani kimekuwa chepesi.

Usiku ule sikulala vizuri. Miaka tisa iliyopita nilikopa shilingi elfu sitini kwa mwenzangu tuliyekuwa tukiuza naye mitumba. Akahama, nami sikumlipa. Ramadhani ya kwanza deni lile lilinikaa kooni. Ya tatu nikasema, "Akinitafuta nitampa." Mwaka jana nilikuwa naliita kadeni. Jamani, nani alilipunguza? Hakuna. Ni miaka tu iliyojaa katikati.

Utaniuliza: kwani kusahau si rehema? Ni rehema, lakini tuangalie ya nani. Aliyedhulumiwa akisahau, moyo wake umepumzika. Aliyedhulumu akisahau, hajapumzika, amelala tu. Kusamehe ni kwake mwenye haki. Mimi mdaiwa siwezi kujisamehe kwa niaba yake, hata zipite Ramadhani ngapi.

Tunaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu muflisi. Anakuja na swala zake, anakuja na swaumu yake, lakini alimtukana huyu, alikula mali ya yule. Thawabu zake zinagawiwa watu hadi zinaisha. Hebu fikiria swaumu hii unayoihangaikia na jua hili, kisha aende nayo mtu uliyemsahau.

Claude Monet, mchoraji Mfaransa, aliyachora sana majabali hayohayo ya Étretat. Siku moja mwaka 1885 alikuwa chini yake, kazi imemkolea, akidhani maji yanakupwa. Wimbi likamkumba, likambamiza kwenye mwamba na kuondoka na vifaa vyake. Alinusurika. Lakini bahari aliyokuwa akiitazama kama rangi ilimfikia kama maji.

Ndivyo zitakavyotufikia haki za watu. Kwa mbali ni ukanda wa kijivu. Zikifika, zina uzito wake wote.

Basi leo, kabla ya futari, kaa dakika kumi utazame nyuma. Usiangalie kilicho karibu tu, hicho unakiona. Tafuta kilichopauka: mshahara wa msichana wa kazi uliyemkata, fungu la dada yako katika mirathi, neno ulilomzulia jirani. Kama mwenyewe yupo, mrudishie au muombe radhi. Kama amefariki, mali ni ya warithi wake. Kama umemtafuta kwelikweli hukumpata, nenda kwa sheikh wako akuelekeze, wanachuoni wamelizungumza hilo.

Mimi jana nilipiga namba yake ya zamani. Akapokea mtu mwingine, hamjui. Leo nimeanza kuwauliza watu wa sokoni. Najuta, maana miaka tisa iliyopita alikuwa meza ya pili kutoka yangu.

Kesho jioni tunaingia kumi la mwisho. Wako ni nani, na yuko umbali gani?

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki za watu kwa uzito wake kabla hazijatufikia, na utupe nguvu ya kuzirudisha. Aamin.

_Mtumie na mwenzako._