Jalada la Mwenye Nyumba

Miongoni mwa shughuli ndogo ambazo watu wazima huzifanya kwa kificho, kwa kuchelea kuambiwa kuwa wamerejea utotoni, imo hii ya kukata karatasi, kuichora, kuiandika jina na kuipachika katika ganda la sinema ambayo tangu dukani ilikuja na jalada lake kamili. Mimi ni mmoja wa watu hao, wala sioni haya kulisema. Rafu yangu ya sinema, ambayo wanangu huiita maktaba kwa kejeli nami huiita maktaba kwa dhati, imejaa majalada yaliyotoka katika mikono yangu na ya binti yangu, ambaye mkono wake umetulia kuliko wangu. Na kila mgeni aliyestaajabu kuyaona nimemjibu kwamba jalada la duka lilitengenezwa kwa ajili ya mnunuzi, nami si mnunuzi tena.

Biashara ina lugha yake, na si insafu kuilaumu kwa kuisema. Nchini Ghana, katika miaka ya 1980, wenye sinema za kuhamahama walipozunguka mji kwa mji na deki, televisheni na jenereta, waliwapa wachoraji magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja, wakawaamuru wachore kitu cha kumsimamisha mpita njia. Na wachoraji, ambao pengine hawakuwahi kuitazama sinema yenyewe, walichora majoka, damu na misuli ambayo mtazamaji aliingia akaitafuta mpaka mwisho asiione. Huku kwetu, soko la Kariakoo liliposhamiri kwa sinema za Bongo, kava lilikuwa na desturi yake ambayo kila mtu aliijua: nyuso kubwa za wachezaji mashuhuri, mmoja analia na mwingine amekunja uso, nyuma yao jumba la ghorofa na gari linalong'aa, na hadithi moja imekatwa kati iuzwe mara mbili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja na kava lake lenye nyuso zile zile zilizobadilishana mahali. Sisemi kuwa huo ni uongo. Ni sauti ya mnadi, na mnadi haapishwi.

Lakini iko mifano ya majalada na mabango ambayo hayakunadi. Huko Poland, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sinema zilipokuwa chini ya mamlaka ya dola, bango halikulazimika kumbembeleza mtazamaji kwa uso wa mchezaji, na wachoraji, ambao katika mambo mengine walibanwa sana, hapo walipata uwanja wa kufikiri. Ndipo Wiktor Górka, alipochora bango la sinema ya Cabaret mwaka 1973, akaipinda miguu ya wachezaji wa jukwaani mpaka ikawa alama ya Wanazi, na mtu akajua kwa mtazamo mmoja kwamba ngoma ile inachezwa pembeni mwa maangamizi. Hata Marekani, kwenye soko lisilo na huruma, mchoraji Saul Bass mwaka 1955 alipewa kazi ya bango la sinema ambayo ndani yake alikuwamo Frank Sinatra mwenyewe, naye badala ya kuutukuza uso uliokuwa ukipendwa na mamilioni, akaichorea mkono mmoja mweusi uliokakamaa, kwa sababu sinema ile ilimhusu mtu aliyetekwa na sindano ya dawa za kulevya, na msiba wake wote ulikaa mkononi.

Mwenye kutengeneza jalada la sinema yake nyumbani anayo fursa ya wachoraji hao bila ya shida zao. Hana bidhaa ya kuuza wala mteja wa kumridhisha, na sinema amekwisha kuitazama. Linalomkabili ni swali moja, nalo ni zito kuliko linavyoonekana: katika saa mbili zile alizokaa gizani, ni kitu gani kilichobaki naye? Tulipofika kwenye Vuta N'kuvute, sinema ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, binti yangu alitaka nyuso mbili, ya Yasmin na ya Denge, nami nilitaka dirisha la Mji Mkongwe lililofunguliwa nusu, kwa hoja kwamba kisa chote ni cha mwanamke anayetafuta pa kutokea. Tulibishana mpaka chai ikapoa. "Baba," akaniambia, "dirisha halipendi mtu." Nyuso zikashinda, na nakiri kwamba katika mabishano yale nilisikia uhakiki wa sinema ulio bora kuliko mwingi ninaousoma magazetini, likiwamo gazeti hili.

Kwa upande wa vipimo kazi si ngumu. Karatasi ya ganda la kawaida la DVD ina upana wa milimita 273 na kimo cha milimita 183, na katika upana huo milimita 14 ni za mgongo. Kwa hiyo karatasi ya A4 inatosha na kubakiza ukingo wa kukata, na kila duka la steshenari lenye mashine ya rangi laweza kuichapa. Aliyehamishia sinema zake katika kompyuta, akazipanga kwa programu kama Kodi au Plex, atachora picha iliyosimama, yenye uwiano wa mbili kwa tatu. Katika mpangilio mimi hufuata kanga, iliyo na pindo lake, mji wake na jina lake, kila kimoja kisiingilie cha mwenzake: ukingo ulioachwa wazi, picha moja tu katikati, na maneno machache chini yanayosomeka na mtu aliyeketi upande wa pili wa sebule. Na mgongo usidharauliwe, kwa sababu sinema ikishapangwa rafuni ni mgongo tu unaoonekana. Nalisema na hili kwa upesi ili nisidhaniwe vingine: jalada zuri halihalalishi nakala ya wizi, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haikumsamehe mwizi mwenye vipaji.

Hata hivyo hayo yote, kwangu mimi, yalikuwa mazoezi tu. Kazi yenyewe ilikuwa ikinisubiri katika sanduku la chini, ambamo mlikuwa na kanda za arusi, za maulidi, za jando na za safari ya Hija ya wazee, kanda ambazo hazikupata kuwa na jalada, na baadhi yazo hazikuwa hata na jina. Yafaa kijana akumbushwe kwamba Unguja ilipata televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Bara mkanda wa video ulitangulia kituo cha televisheni, na miongoni mwa watu wa kwanza kuonekana katika kioo kile walikuwa jamaa wenyewe, mashangazi waliovaa sare za arusi na wajomba waliokuwa wakila pilau bila kujua kuwa wanapigwa picha. Sinema hizo hazina Saul Bass wala mchoraji wa gunia. Ukiziingiza katika programu za kompyuta, ambazo sinema mashuhuri huzitafutia bango kwenye intaneti kabla hujapepesa jicho, hizi hazijulikani, na programu hukuwekea picha yoyote iliyodakwa katikati, aghalabu ya mgongo wa mtu.

Hapo ndipo nilipokutana na mas'ala ambayo hayamo katika vitabu vya uchoraji, nayo ni mas'ala ya stara. Mkanda wa arusi ya Pwani una sehemu yake ya wanawake, ya singo na ya kupamba, ambamo wanawake walicheza na kujifunua wakiwa na amani kwamba wanaotazama ni wanawake wenzao, na waliopiga picha walikuwa wanawake vilevile. Jalada lakini hukaa rafuni sebuleni, mbele ya kila aingiaye, awe shemeji, fundi wa umeme au mgeni wa mgeni. Kuutoa uso wa bibi arusi katika amani ile na kuubandika jaladani ni kuivunja ahadi ambayo hakuna aliyeitia sahihi na kila mmoja aliijua. Kwa hiyo kwa kanda zile tulichora kikuba cha asumini na rehani, au jozi ya makubadhi mlangoni, au chetezo kinachofuka udi. Na dada yangu, ambaye arusi yake ni mojawapo, alipoona kikuba kile alikigusa kwa kidole, akasema kuwa kilishonwa na mama yake mkwe usiku kucha, habari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo. Sinema yote haikuisema.

Tangu siku hiyo nimelipa upande wa nyuma wa jalada heshima kuliko wa mbele. Upande wa nyuma wa jalada la duka hueleza kisa na kuwasifu wachezaji. Upande wa nyuma wa jalada letu huandikwa tarehe, ya Hijria na ya miladi, mtaa, jina la kila anayeonekana kutoka kushoto kwenda kulia, nani alipika, kikundi gani cha taarabu kilikuja, na yule mtoto aliyelala mapajani mwa bibi ni nani. Mtu aliyefariki simwekei alama ya msiba. Namwandika jina lake kama wenzake, kwa kuwa katika mkanda ule yu hai na anacheka.

Wakati wa kuifanya kazi hii una mpaka. Kanda za sumaku huharibika, na katika joto na unyevu wa Pwani ukungu huziingia mapema. Na kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kuunda deki za VHS, iliacha kuziunda Julai 2016, kwa hiyo deki zilizobaki ndizo hizo zilizobaki, na kila mwaka zinapungua. Basi wewe unayesoma, ikiwa unao mkanda usio na jina uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati, mtafute wiki hii fundi ambaye deki yake ingali inazunguka, akuhamishie, kisha keti na shangazi yako mwenye umri mkubwa kuliko wote, simamisha picha kila anapoinua kidole, uandike majina anayoyataja. Picha ya mbele mtaichora baadaye.