Kuanguka ni Kadari. Na Fidia Je?

Suala hili hatukulitunga sisi, bali tuliletewa. Tulikuwa Nairobi, na baada ya sala ya Laasiri katika Msikiti wa Jamia kijana mmoja, asili yake Mombasa, alitushika mkono akatuomba tufuatane naye hadi Kangemi, upande wa magharibi ya mji, tukamjulie hali mama yake. Mama huyu ni mjane, na kila alfajiri hukaanga mahamri na kupika mbaazi akawauzia waendao kazini. Siku moja alikwenda Westlands kununua mahitaji yake katika jengo moja kubwa la maduka. Sakafu ya vigae ilikuwa inapigwa deki wakati ule ule, kwa maji na sabuni, wala hapakuwekwa hata kibao cha kumwonya mpitaji. Akateleza, akauangukia mkono wa kulia, ukavunjika penye kifundo. Alikaa wiki kumi mkono umefungwa plasta, na hata ilipotolewa vidole vyake havikuwa na nguvu ya kukanda unga.

Msimamizi wa jengo alimpelekea kapu la matunda na salamu za pole, akasema, "Ni mipango ya Mungu, mama." Majirani nao wakasema vivyo hivyo. Kijana alitaka wadai fidia. Mama akakataa, na kukataa kwake kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, alichelea kwamba kudai ni kumteta Mola wake kwa jambo alilolikadiria. Ya pili, aliyekuwa akipiga deki ni msichana wa kibarua, mkaazi wa pale pale Kangemi, na likifika dai huyo ndiye atakayefukuzwa kazi. "Maalim," akatuambia, "mimi hasara yangu nimeshaila. Nimtie na mwenzangu njaani?"

Siku ile tulimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa alikuwa na maumivu. Hapa twajibu kwa urefu, maana neno hili la "mipango ya Mungu" si la Nairobi peke yake. Kwetu Pwani pia, kila ukuta mbovu uangukapo na kila ngazi ya mwenye nyumba ikatikapo, hilo ndilo neno la kwanza kutamkwa, na mara nyingi mwenye kulitamka ni yule ambaye ukuta ni wake.

Twaamini, na asiyeamini si katika sisi, kwamba hapana litukialo ila kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Mama yule hakuteleza nje ya ilimu Yake. Lakini kuamini kwamba jambo limekadiriwa ni kitu kimoja, na kumwondolea dhamana aliyelisababisha ni kitu kingine. Tuitazame aya ya 92 ya Suratun-Nisaa. Yazungumza juu ya muumini aliyemuua muumini mwenziwe kwa kukosea, pasi na kukusudia. Kama pana jambo ambalo mtu angeweza kulisukumia kwenye kadari, basi ni hili: mkono umepotoka, nia haikuwapo, na ajali ya maiti ilikuwa imefika. Juu ya hayo Mwenyezi Mungu amemfaradhia muuaji kafara, na diya ya kupewa jamaa wa aliyeuawa, isipokuwa wao wenyewe waisamehe iwe sadaka. Mauti yalikuwa ni kadari na diya ikawa ni wajibu, yote mawili kwa pamoja, wala moja halikulifuta la pili. Na kusamehe, ambako ni fadhila kubwa, kumewekwa mikononi mwa waliofiwa. Hakukuwekwa mikononi mwa muuaji awapelekee kapu la matunda.

Tena Sayyidna Umar, alipofika karibu na Sham akapata habari kwamba kuna tauni, aliamua kurejea. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu yake Umar ni maarufu: kwamba anatoka katika kadari ya Mungu aende katika kadari ya Mungu. Basi kudai ni kadari pia, kama vile kuteleza kulivyokuwa kadari, na kibao cha tahadhari lau kingaliwekwa kingalikuwa kadari. Twashangaa kwa nini watu huiona kadari katika mguu wa maskini ulioteleza, wasiione katika mfuko wa tajiri unaofunguliwa kulipa.

Sasa natuitazame Sheria yenyewe, maana wako wadhanio kwamba kudai fidia ya kuteleza ni jambo la Wazungu lililoletwa na mawakili. Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, ni kitabu kinachosomeshwa katika madarasa yetu miaka na miaka. Wengi wetu tumeufungua mlango wa diya tukiwa vijana, tukaupitia mbio, kwa kudhani kwamba ni habari za ngamia na za Bara Arabu. Lau tungaliusoma pole pole tungaliyakuta haya: mwenye kutupa taka na maganda ya tikiti njiani, mtu akateleza juu yake, kauli iliyo sahihi ni kuwa mtupaji ni mdhamini. Msomaji aliyepata kutembea River Road au Mtaa wa Tom Mboya jioni, wakati wauzaji wa matunda wanapofunga biashara zao, hana haja ya kuelezwa zaidi. Na wenye kukisherehesha kitabu hicho wameongeza kwamba ikiwa mpitaji ameyaona maganda kisha akayakanyaga kwa kusudi, hana haki ya kudai, kwani amejidhuru mwenyewe. Wakaja pia kwenye maji yaliyomwagwa njiani, wakapambanua baina ya anayenyunyiza kiasi cha kulaza vumbi kwa maslaha ya watu wote, na anayemwaga kwa haja ya nafsi yake au akapita kiasi.

Lakini masala iliyotustaajabisha zaidi ni ile ya kisima cha ukumbini. Mtu amechimba kisima katika ukumbi wa mlango wake, yaani pale ambapo kwetu Lamu na Mombasa twapaita daka, kisha akamwita mtu aingie. Mgeni hana habari ya kisima, akatumbukia. Kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba mwenye nyumba ni mdhamini, ijapokuwa nyumba ni yake na kisima ni chake. Kwa nini? Kwa sababu alimwita. Na duka la Westlands, lililowasha taa zake mchana kutwa na kutundika mabango ya bei barabarani, linafanya nini ila kumwita mpitaji aingie?

Kenya inayo Sheria ya Dhamana ya Wenye Majengo, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1957. Yamlazimu mwenye kulishika jengo amwangalie aingiaye humo kwa halali kwa uangalifu wa wastani, asije akadhurika kwa ajili ya lile lililomleta. Hatusemi kwamba Waingereza waliisoma Minhaj. Twasema tu kwamba Mwislamu anayedai kwa sheria hiyo hakuvaa nguo ya kuazima.

Huenda mtu akatupinga kwa Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba aliyetumbukia kisimani hana fidia. Hadithi ni sahihi, nasi twaikubali kwa kichwa na macho. Walakini maulamaa wameeleza kwamba ni kisima ambacho mwenyewe amekichimba kwa haki, katika milki yake au mahali palipo wazi, bila ya kumghuri mtu wala kumzibia njia. Anayeishika Hadithi hii ili aachie shimo katika njia ya watu anaichukua nusu akaiacha nusu.

Na juu ya mashimo, Nairobi inayo ya kutosha. Mifuniko ya chuma ya mitaro huibiwa ikauzwa kwa vyuma chakavu, na wizi wa vyuma ulizidi hata mwaka 2022 Serikali ikaisimamisha biashara hiyo kwa muda. Mwizi wa mfuniko ana dhambi ya wizi. Na kila mguu utakaovunjika katika shimo lile, sehemu yake iko shingoni mwake. Aliyeumia kwa uzembe wa Serikali, na ajue kwamba dai lake halingojewi zaidi ya miezi 12, hali dai juu ya mtu binafsi hungojewa miaka 3. Wengi wamepoteza haki zao kwa kuketi tu wakisubiri kupona.

Turejee kwa mama yetu na sababu yake ya pili, ambayo kwa hakika ndiyo iliyotulaza macho. Sababu ya kwanza ilikuwa kosa la kufahamu. Hii ya pili ni huruma, na huruma haivunjwi kwa hoja. Walakini tuliona kwamba huruma yake imeshikwa ikatumiliwa na asiyestahili. Msichana yule ni mkono tu. Hakuchagua yeye saa ya kupiga deki wakati duka limejaa watu, wala si yeye aliyeacha kununua kibao. Sheria ya nchi humhesabia bwana kosa la mtumishi wake alilolitenda katika kazi aliyomtuma. Kwa hiyo dai lampata mwenye jengo, na kumfukuza kibarua hakumpunguzii hata senti moja. Na lau aliyeteleza angalikuwa msichana mwenyewe, sheria ya mwaka 2007 ya wanaoumia kazini ingalimlazimu mwajiri amlipe. Sakafu isiyokuwa na kibao yamngoja yeye kila siku, zaidi ya inavyomngoja mnunuzi apitaye mara moja kwa mwezi. Tulimwambia mama: "Ukinyamaza, mama, hukumlinda. Umeiacha sakafu kama ilivyo."

Hatukumwambia kwamba ni lazima adai. Katika aya ya 40 ya Suratush-Shura Mwenyezi Mungu amelipa baya malipo yaliyo mfano wake, kisha akamwahidi ujira kutoka Kwake yule asameheye na kusuluhisha. Lakini msamaha ni wa mwenye kuijua haki yake na kuiweza, akaiacha kwa hiari. Anayenyamaza kwa kuogopa, au kwa kuambiwa kwamba hana haki, huyo hakusamehe. Amenyimwa, akafundishwa kuita kunyimwa kwake saburi.

Kijana naye tulikuwa na neno lake. Alikuwa ameshaonana na watu wa aina ile wanaovizungukia vitanda vya wagonjwa, nao wamemshauri aseme kwamba mgongo wa mama nao umeumia, ili kiasi kizidi. Hapo tulimkatalia kata kata. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fasaha kuliko mwenziwe, basi aliyehukumiwa haki isiyokuwa yake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi kisichokuwa haki, seuze hukumu ya hakimu wa Milimani? Mkono uliovunjika una thamani yake: gharama za hospitali kwa risiti, mapato ya siku alizokaa bure, na maumivu, ambayo mahakama huyapima kwa kuyalinganisha na hukumu zilizotangulia, kama vile mafakihi wetu walivyoyaacha majeraha yasiyokadiriwa yakadiriwe na mwenye kuhukumu. Zaidi ya hayo ni moto.

Akauliza je, kampuni ya bima ikilipa, fedha zile ni halali, na masheikh wamehitilafiana juu ya bima? Tukamjibu kwamba haki ya mama iko kwa mwenye jengo. Mkataba aliouandika mwenye jengo na wengine ili ailipe, huo atauulizwa yeye. Akauliza pia kwa nini lisipelekwe kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, imempa Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu walioridhia. Madai ya namna hii si yake. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na imetakiwa iyakate ndani ya siku 60. Mdai aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili. Twaitaja kwa sababu maskini wetu wengi hawana habari nayo.

Mwisho wake mama alikubali barua iandikwe, kwanza ya kutaka suluhu. Kijana aliandika, sisi tukaketi kando na mama akimsomea ya kuandika: fedha za hospitali, mahamri ya wiki kumi kwa hesabu ya kila siku aliyoijua kwa kichwa, na maumivu, ambayo aliyatajia kiasi kidogo kuliko tulivyotarajia. Mgongo haukutajwa. Kisha akamwambia mwanawe aongeze maneno mawili chini: kwamba kibao kinunuliwe, na kwamba msichana wa deki asiguswe. Kijana akasema kwamba hayo si ya fidia, hayaingii katika barua ya madai. Mama akamwambia, "Wewe andika, mwanangu." Akaandika. Mpaka tunapoyapiga chapa haya jawabu haijarudi.