Deni la Walio Hai

Msomaji, wahenga walisema kwamba kifo cha wengi harusi. Waliona ya kuwa msiba unaowapata watu wote pamoja huwa mwepesi kidogo kuchukuliwa, kwa kuwa kila mtu ana mwenziwe wa kulia naye. Maneno hayo yana faraja, lakini yana hatari pia. Wafu wakiwa wengi huhesabiwa badala ya kutajwa, na mtu akishakuwa hesabu ni rahisi kumsahau. Kwa hiyo yatupasa tuulize: walio hai wana deni gani kwa waliokufa, na deni hilo hulipwaje?

Tuchukue mfano mmoja. Siku ya Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, ndege ya shirika la Ethiopia iliondoka Addis Ababa asubuhi ikielekea Nairobi. Ilikaa angani dakika 6 tu, kisha ikaanguka karibu na mji wa Bishoftu, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Walikuwamo pia wengi waliosafiri kwa ajili ya kuwafaa wengine. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoteza watumishi 7. Catholic Relief Services ilipoteza Waethiopia 4 waliokuwa wakija Nairobi kwa mafunzo. Na chama kidogo cha watu wa kujitolea, Africa Tremila cha Bergamo, Italia, kilipoteza wanachama 3 waliokuwa njiani kwenda Sudan Kusini. Kesho yake mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira ulifunguliwa Gigiri, Nairobi; bendera zilipepea nusu mlingoti, na wajumbe wakasimama kimya.

Bendera zilishushwa, kisha zikapandishwa tena. Je, deni lilikwisha?

Yuko atakayeuliza: mbona tuwataje hao waliokwenda kusaidia? Je, roho ya mfanyabiashara, au mwanafunzi, au rubani aliyekufa pamoja nao ilikuwa nyepesi kuliko zao? Swali hili ni la haki. Mauti hayakuwabagua, wala sisi hatuna mizani ya kupimia roho za watu. Tofauti haimo katika thamani ya maisha yao. Imo katika kile walichokiacha. Baba akifa huacha pengo nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijaza hata akitaka, kwani upendo wake ulikuwa wake peke yake. Lakini kazi ya kuwasaidia watu haina mwenyewe. Chakula cha mwenye njaa chaweza kupakuliwa na mkono wowote, na kisima kilichoachwa nusu chaweza kumalizwa kwa jembe la mtu mwingine. Mzigo wao umelala njiani, nasi tunaopita tunauona. Hapo ndipo deni linapozaliwa.

Wengi hujaribu kulilipa kwa sifa, wakawaita marehemu malaika. Sifa hizo, ingawa hutoka katika moyo mwema, zina hila ndani yake. Tukiwafanya malaika tumejisamehe sisi wenyewe. Kwani nani amtazamiaye binadamu kufanya kazi ya malaika? Walikuwa watu kama wewe na mimi: walichoka, walikosea, na walikuwa na jamaa waliowangoja. Walichotuzidi ni kwamba walikubali kwenda.

Tena liko deni la pili, nalo ni kusema kweli. Ni rahisi kuinamisha kichwa na kunong'ona kwamba ilikuwa kudura. Lakini katika ndege ile, ya aina ya Boeing 737 MAX, kipimo kimoja kilitoa habari ya uongo, na mtambo uliokitegemea ukaisukuma pua ya ndege chini mara kwa mara huku marubani wakishindana nao. Mtambo wa namna hiyo hiyo ulikuwa umechangia kuanguka kwa ndege ya Lion Air huko Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018, wakafa watu 189. Onyo lilikuwapo, na ndege hizo ziliendelea kuruka. Baada ya msiba wa pili zilizuiwa duniani kote, na Marekani haikuziruhusu tena mpaka Novemba 2020, mtambo ulipokwisha kurekebishwa. Jamaa za waliokufa walipodai maelezo, madai yao hayakuweza kuwarudisha wapenzi wao. Yaliweza tu kuwalinda abiria wasiowajua. Huko nako ni kujitolea.

Huenda ukasema, ewe msomaji, kwamba wewe u mwanafunzi tu, na Sudan Kusini ni mbali. Lakini mzigo ulio karibu hautaki ndege. Pengine ni mzee jirani asiyeweza kuteka maji, au mwenzako darasani asiyeielewa hesabu na kuona haya kuuliza. Wema hauozi, husema Waswahili, na ni kweli. Lakini hata mbegu iliyo ghalani haiozi, wala haioti. Kila mwaka itakapofika tarehe 10 Machi, nyamaza kidogo kwa heshima ya watu wale. Kisha inuka, uushike mzigo mmoja kabla hujaombwa.